Nauli ya Sindano

Makunduchi

Daladala namba 310 ya kutoka mjini Unguja haikatai abiria wala mzigo, kwa hiyo safari yake huisha inapotaka. Wageni wengi huipanda mwezi wa Julai kwenda kuona sherehe za Mwaka Kogwa. Mimi niliipanda kwenda kuona kliniki ya maradhi ya akili. Nilipomwambia hivyo utingo, alinitazama usoni, kisha akanirudishia chenji haraka haraka.

Hospitali ya Makunduchi ni hospitali kama nyingine za shamba: wajawazito, watoto wenye homa, wazee wa presha. Wagonjwa wa akili nao hukaa kwenye mabenchi hayohayo, na hilo ndilo nililoliandika mwanzo. Jirani akikukuta pale hajui umefuata nini. Zamani Mzanzibari mwenye maradhi haya alikuwa na mlango mmoja tu, Kidongo Chekundu, hospitali pekee ya akili visiwani, na aliyeonekana akiingia huko alirudi mtaani kwao na jina jipya. Shirika la HIPZ la Uingereza, lililoshirikiana na serikali katika hospitali za Makunduchi na Kivunge, ndilo lililosaidia kuanzisha kliniki za akili huku shamba, pamoja na wauguzi wa kuwafuata wagonjwa majumbani.

Nikakaa karibu na bibi mmoja aliyekuja na mwanawe, mtu mzima mwenye kanzu safi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako yuko wapi?"

Nikamwambia sina mgonjwa, ninaandika tu. Akacheka. "Basi kaa, utampata."

Kijana wake huchomwa sindano ya fluphenazine, ile inayokaa mwilini wiki kadhaa, ambayo kila mtu pale anaiita sindano ya mwezi. Kabla ya hapo walipita kwa masheikh na kwa waganga, wakanywa makombe, wakapunga majini. Nilitegemea aniambie kwamba yote hayo wameyaacha. Wapi! "Ijumaa tunasomewa, siku ya kliniki tunachoma sindano," alisema, na muuguzi aliyekuwa akipita alitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyemgombeza. Nimewahi kukaa kwenye kliniki nyingine, sitaitaja, ambako mama aliyetamka neno sheikh alifokewa mbele ya watu. Sikushangaa kusikia kwamba hakurudi.

Sindano ya kwanza ilimkakamaza shingo kijana yule, akatoroka, ikawa dawa ndiyo adui. Shingo kukakamaa, mikono kutetemeka, mate kutoka: ni madhara yanayojulikana ya dawa za kundi hili, na yana kidonge chake cha kutuliza, benzhexol, au kipimo kikipunguzwa. Lakini familia isipoambiwa mapema huona mgonjwa wao amezidi kuharibika, wakaiacha dawa. Safari hii muuguzi alimfuata kijana hadi kwao, akaongea na mama na sheha, akamrudisha. Sijui kama kuna mashine ya hospitali inayoweza kufanya kazi hiyo.

Lutindi

Nikavuka bahari hadi Tanga, nikachukua basi la Korogwe. Chini ni joto na mistari ya mkonge isiyoisha. Ukianza kupanda milima ya Usambara kwa bodaboda unavaa sweta ukiwa bado umekaa. Barabara ni ya vumbi na kona, na dereva wangu alikuwa na mazungumzo mengi kuliko breki.

Tiba ya akili ya hospitali kwa Tanzania Bara ilianzia huku juu. Mwaka 1896 Wajerumani wa Kiprotestanti walianzisha Lutindi kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makazi hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Waliokuja kuiendesha walitoka Bethel, kule Bielefeld, na walikuja na imani yao kwamba hewa safi, sala na kazi ya mikono humrudishia mtu akili. Leo hospitali iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na imani ile ya kazi bado ipo: shamba, chai, karakana, ususi.

Nilipenda nilichokiona, tena sana. Mtu aliyeshika jembe au ukili ana jambo la kuzungumza na mgeni zaidi ya ugonjwa wake. Mzee mmoja alinieleza kwa kirefu makosa ya watu wanaosuka vikapu ovyo, na kwa dakika zile zote yeye alikuwa fundi nami nilikuwa mjinga wa kusuka. Hata hivyo niliposhuka niliandika swali moja na kulipigia mstari: kwa nini juu mlimani? Waanzilishi walitafuta utulivu, lakini utulivu huo una bei, na anayeilipa ni mama anayetoka bondeni na ndugu aliyefungwa kamba mkononi asiruke njiani. Na mgonjwa aliyepona mlimani hurudi mahali ambapo hakuna aliyejifunza kuishi naye.

Waingereza walipochukua nchi nao walijenga hospitali yao, Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Jirani yake kuna Isanga, kwa wanaopelekwa kwa amri ya mahakama. Kwa vizazi, mtu wa Mtwara, Kigoma au Bukoba akiugua sana jibu lilikuwa Dodoma. Ndiyo maana jina la hospitali hiyo limekuwa tusi la mitaani, na wauguzi wake hulisikia kwenye daladala kila siku bila kosa lolote.

Lakini tusijidanganye kwamba wazo la kuishusha tiba hadi kwa watu limeletwa juzi na wafadhili. Enzi za ujamaa serikali ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam na Hombolo nje ya Dodoma. Mgonjwa aliyekwisha kutulia alikaa huko, akalima, akafuatwa na muuguzi. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ikawa ya majaribio ya kupeleka huduma ya akili hadi kwenye zahanati. Wataalamu wetu leo hupanda ndege kwenda Geel, Ubelgiji, kushangaa mji ambao familia zake zimewakaribisha wagonjwa wa akili majumbani tangu karne ya 13. Waende, Geel inastahili kushangaliwa. Wakirudi wapite na Vikuruti, nauli yake ni ya daladala.

Wote

Nikavuka mpaka kuingia Kenya: Horohoro, Lungalunga, Mombasa, kisha treni. Nilishuka Emali na kupata matatu ya kwenda Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni. Ni nchi ya vilima vikavu na miembe. Mvua ikikataa, inakataa kweli. Watu wa Makueni hujisifu kwa mambo ya afya na wana sababu: mwaka 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kaya ililipa shilingi 500 za Kenya kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti.

Jambo lililonipeleka huko ni jingine. Taasisi ya Africa Mental Health Research and Training Foundation, ya Profesa David Ndetei, ilifanya kazi Makueni ya kuwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki wa kawaida kutibu maradhi ya akili kwa kufuata mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani. Huo ni mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya asiye daktari wa akili: ukiona hiki, uliza hiki, toa dawa hii, ukishindwa mpeleke mbele. Wakaingia pia wahudumu wa vijijini, na wakaingia waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa, wakafundishwa kuitambua sonona na kumwelekeza mtu kituoni.

Hapo ndipo nililinganisha na Makunduchi. Unguja bibi ameunganisha sheikh na sindano kwa akili yake mwenyewe, na muuguzi amekuwa na busara ya kunyamaza. Makueni wamekaa mezani na mganga na mhubiri wakapanga nani anamtuma mgonjwa kwa nani. Njia ya Makueni ni bora, naamini, kwa sababu haimtegemei muuguzi mwenye roho nzuri. Mgonjwa wa akili katika pwani yetu na bara letu humfikia mganga au mtu wa dini kabla ya mwingine yeyote. Ukimwacha huyo nje ya mpango, umejenga zahanati isiyokuwa na njia ya kuifikia.

Mama mmoja mhudumu wa kijiji alinikazia macho. "Wewe ni daktari ama ni mtu wa gazeti?" Nilipojibu, akafungua begi lake la kazi anionyeshe: kipima presha, kipima sukari, kipimajoto. Ni begi walilopewa wahudumu zaidi ya laki moja wa Kenya, walioanza kutumwa rasmi Septemba 2023. "Kichwa nacho nakipima na nini?" aliuliza. Kwa nyumba moja, alisema, alitumia masikio tu, akakaa na mjane hadi chai ikapoa, na wiki iliyofuata mjane akakubali kwenda kituoni. Tanzania nayo ilizindua mpango wake Januari 2024, wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wanaopanga mafunzo ya hao wetu wamtafute mama huyo.

Nairobi

Hospitali ya akili ya Mathari iko kando ya barabara ya Thika. Maelfu huipita kila asubuhi bila kugeuza shingo. Ilifunguliwa mwaka 1910 penye kituo cha zamani cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, na tabia ya kutenga haikuondoka na ndui. Kuanzia 1938 hadi 1950 mkuu wake alikuwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo anamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha andiko lake jingine, la kueleza Mau Mau kama jambo la saikolojia. Watu wanadai ardhi yao, daktari anawaandikia ugonjwa! Nimesimama nje ya ukuta ule nikifikiria ni wangapi walioingizwa mle na mtu mwenye mawazo kama hayo, na kwa nini babu zetu waliogopa hospitali hizi hata wakati dawa zilipokuwa zimeanza kufaa. Hofu ile tunaiita ujinga wa wananchi kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tukiwa tumevaa fulana mpya.

Siku hizo za fulana sizidharau. Nimetembea kwenye maandamano yake na nimeona vijana wakisema hadharani yale ambayo wazazi wao wangeyazika. Lakini elimu inayomtoa mtu nyumbani hadi kwenye dirisha la dawa, kisha dirisha likamwambia haloperidol imeisha, rudi mwezi ujao au ununue duka la nje, imemfundisha kutokurudi. Kwa sera yetu Tanzania mgonjwa wa akili ametolewa katika uchangiaji wa gharama. Dawa isiyokuwepo nayo hailipiwi.

Kenya imesogea haraka kuliko sisi katika sheria. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilishauri mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na katiba. Kitu kama hicho huonekana cha wanasheria, hadi ukae na familia iliyomwokoa kijana wao usiku kisha ikaanza kubishana: apelekwe hospitali, au atibiwe kimya kimya nyumbani asije akaitiwa polisi? Nimekaa na familia ya namna hiyo, upande wetu wa mpaka. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa kutembea. Walichelewa hadi alfajiri.

Sheria ile kwetu ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Dawa zinahitaji bajeti, wauguzi wanahitaji mishahara, na kila mwaka tutaambiwa fedha hazikutosha. Kukifuta kifungu hiki hakuhitaji jengo, gari wala mfadhili. Wabunge wetu wakifute.