Wa mwisho achague kwanza

Mimi ni shabiki wa Onduparaka. Naanza hivyo ili msomaji ajue mapema nimesimama upande gani. Sisi tunaokaa huku West Nile tuna timu zetu za Uingereza, tunazibishania kwenye kibanda mpaka mwenye kibanda anatishia kuzima televisheni, lakini timu ya moyo ni ile ya Arua iliyokuwa inacheza Greenlight. Klabu ilianzishwa 2011, na 2016 ikapanda Ligi Kuu ya Uganda. Jamani, mlioishi ile miaka mnajua. Siku ya mechi ya nyumbani kupata boda boda ilikuwa kazi.

Halafu tukajifunza jinsi mpira wetu unavyochagua watu. Straika wetu Muhammad Shaban aling'ara, na 2017 KCCA ya Kampala ikamchukua. Baadaye alifika mpaka Raja Casablanca ya Morocco. Kwa ajili yake nilifurahi, mchezaji ana familia na ana haki ya kula jasho lake. Lakini kama shabiki niliumia. KCCA walikuwa tayari mabingwa wa nchi. Yaani bingwa ndiye alikuja kuchukua kwa timu iliyopanda juzi, na timu iliyopanda juzi haina nguvu ya kusema hapana. Onduparaka ilicheza misimu kadhaa pale juu, kisha ikashuka daraja.

Nilidhani mpira wote duniani uko hivyo. Kumbe hapana. Nina rafiki tuliyekimbia naye kutoka upande wa Aru, Congo, baadaye yeye akahamishiwa Marekani. Siku hizi ameshika mpira wa kule, ule wa kubeba kwa mikono na kugongana vichwa. Mwanzoni nilimcheka. Lakini alinieleza kitu kimoja kwa WhatsApp kikanikaa kichwani: drafti. Si ile drafti ya kusukuma vifuniko vya soda chini ya mwembe. Hii ni siku ya kuchagua wachezaji wapya, na timu iliyomaliza ya mwisho ndiyo inachagua kwanza. Bingwa anangoja mpaka wote wamalize, ndipo na yeye achague. Raundi ya pili, hivyo hivyo tena.

Aliyeleta wazo hili ni Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, mwaka 1935. Timu yake ilikuwa inafungwa ovyo, na kila mchezaji mzuri anaponyokea kwa wakubwa. Aliwaambia wenzake tupange foleni, mnyonge awe mbele. Wakubwa wakakubali, maana waliona ligi yenye timu mbili tatu tu za kuogopwa haitapata watazamaji. Drafti ya kwanza ilifanyika 1936. Eagles walikuwa wa mwisho, wakachagua wa kwanza, wakamtaja Jay Berwanger. Huyo bwana hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo! Kwa hiyo nafasi ya kwanza inakupa mlango tu, mtu wa kuingia nao unamtafuta kwa macho yako.

Ndipo rafiki yangu akanipa jina lililonifanya nichague timu: Mathias Kiwanuka. Mganda kwa asili, amezaliwa Marekani. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye baadaye alikuwa jaji mkuu na aliuawa 1972 wakati wa Amin. Sisi tuko karibu na Koboko, kwenye ukoo wa Amin, kwa hiyo jina hilo linagusa kidonda. Amin alipoanguka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Congo na Sudan. Ndiyo maana wazee wa Logiri hawakutuuliza maswali mengi tulipofika. Walishakuja kwetu kabla sisi hatujaja kwao.

Huyo mjukuu alichaguliwa na New York Giants mwaka 2006, namba 32, mwisho kabisa wa raundi ya kwanza. Kama shabiki, uchaguzi ule ungenikasirisha. Kazi yake ilikuwa kumkimbilia mrushaji wa wapinzani na kumwangusha, na Giants walikuwa tayari na Michael Strahan na Osi Umenyiora kwa kazi hiyo hiyo. Ni kama una mastraika wawili hatari, halafu unasajili wa tatu huku beki inavuja. Lakini watu wanaumia, watu wanazeeka. Strahan alistaafu 2008, na Giants walipochukua ubingwa Februari 2012 kwa kuwafunga New England 21 kwa 17, Kiwanuka alikuwa uwanjani. Siku hizi nikibishana usajili kwenye kibanda, siulizi tu "leo tunakosa nini?" Nauliza pia "miaka mitano ijayo nani atakuwa amesimama?"

Na kuna Tom Brady, aliyechaguliwa namba 199 mwaka 2000, akachukua ubingwa mara saba. Watu 198 walitajwa kabla yake. Hiyo huwa nawaambia vijana wanaobaki mwisho kwenye mstari.

Sasa nije kwetu. Mimi nafanya kazi na vijana, na zamani mashindano yetu yalipangwa kirahisi: Wacongo timu yao, Wasudani Kusini timu yao, wenyeji yao. Kila mechi ilikuwa vita vya nchi. Refa akipuliza penalti, mawe yanatafutwa. Mwaka jana tukasema hapana. Majina yote 60 yakaandikwa kwenye karatasi moja, timu nne, kapteni wa timu iliyoshika mkia msimu uliopita anachagua kwanza kila raundi. Kapteni wa mabingwa aliruka juu: "Mwalimu, huu si wizi? Mimi nimechukua kombe, halafu nachagua wa mwisho?" Nikamwambia kama yeye ni kapteni mzuri kweli, atashinda na waliobaki. Alinuna siku mbili.

Kulikuwa na kijana mmoja mkimya, hajui Kiingereza, Kilugbara anababaisha. Miaka yote kazi yake ilikuwa kufuata mipira iliyotoka nje. Kapteni wa timu ya mkia, mwenyeji wa hapa, akamchagua raundi ya tatu awe golikipa. Watu wakacheka. Kapteni akasema amemwona kwenye ujenzi akidaka matofali yanayorushwa kutoka chini, na hajawahi kuangusha. Timu yao haikuchukua kombe, walimaliza wa tatu. Lakini yule kijana sasa anapiga kelele golini kwa lugha tatu, na mabeki wanamsikiliza. Na mawe hakuna aliyeokota, maana upande wa pili kuna ndugu yako.

Naandika haya pia kwa ndugu zetu wa mashirika, maana maisha ya mkimbizi ni orodha. Orodha ya chakula, ya kuhamishwa, ya mafunzo. Mnapokuja kutafuta vijana ishirini wa mafunzo ya ufundi, mara nyingi wanapita wale wale: wanaojua Kiingereza, wenye simu, waliokwisha pata mafunzo mengine mawili. Siwalaumu, nanyi mna ripoti ya kuandika, na mtu aliyezoea semina haleti taabu. Lakini hiyo ni KCCA kumchukua straika wa Onduparaka. Jaribuni mara moja tu kuanza na waliokosa mwaka jana. Wengine watakuwa Berwanger, hawatatokea hata siku ya kwanza. Sawa. Wengine wanadaka matofali kila siku na hakuna aliyewatazama.

Msimu huu timu ya kapteni aliyenuna imeshika mkia. Atachagua wa kwanza. Tangu wiki iliyopita anazunguka viwanjani na daftari, na sijamsikia tena akisema ni wizi.