Wazigua Walioshuka kwenye Lori

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa jiografia Handeni, kijana bado. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, na redioni hatukusikia habari za Somalia ila risasi na njaa. Kisha yakaanza kuingia malori kutoka upande wa Korogwe, abiria wamefunikwa vumbi jekundu hadi kope. Walipelekwa kambi ya Mkuyu.

Siku moja mama mkubwa alinichukua tuwapelekee mihogo. Alimsalimu bibi mmoja kwa Kiswahili, taratibu, kama asemavyo mtu na mgeni. Bibi akamjibu kwa Kizigua. Hakikuwa Kizigua cha kubahatisha, kilikuwa kile cha wazee, ambacho vijana wetu walikwisha kukiacha. Mama mkubwa akatua kapu chini, wakaanza kuulizana koo. Walikaa pale mpaka jua likazama, na mihogo haikugawiwa hadi nilipoigawa mimi.

Historia yao waliijua wenyewe. Karne ya 19 njaa kali iliipiga Uzigua. Wazee wao wakauzwa pwani, wakavushwa hadi Somalia kuwa watumwa mashambani. Wakatoroka wakimfuata mwanamke aitwaye Wanakhucha, nia yao kurudi Uzigua kwa miguu. Safari ikakomea bonde la mto Juba. Wakalima huko, wakazaa huko, lugha wasiitupe.

Usiku ule nilifungua atlasi nikapima kwa rula. Kismayu, kusini mwa Somalia, hadi Handeni, ndege akipita moja kwa moja, ni kama kilomita 750. Mogadishu hadi Dar es Salaam ni kama 1,200, mwendo wa saa mbili hivi kwa ndege ya abiria. Wao, kabla ya kupanda malori, walikuja kwa majahazi, wamesongamana, na kurudi kwenye nchi ya wazee wao kuliwagharimu zaidi ya karne moja. Niliona uchungu. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa Kizigua mito ya Ulaya, na ndugu zao wa damu walikuwa karibu kiasi kile bila kutajwa darasani hata mara moja.

Si kila mtu aliwapokea vizuri. Wapo waliowaita Wasomali kwa kebehi, na hilo lilimuudhi sana mama mkubwa. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wakapata mashamba. Baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania.

Mdogo wake bibi yule alikuwa amekimbilia Kenya. Alikuwa mmoja wa maelfu ya Wabantu wa Somalia ambao Marekani iliwachukua kwa ndege kutoka kambi ya Kakuma. Simu yake ya kwanza ilipofika Chogo walizungumza Kizigua kitupu, huku bibi akipaza sauti ili asikike ng'ambo.

"Mwalimu," akaniuliza baadaye, "huko aliko ni mbali kuliko Juba?"

Nikamwambia ni zaidi ya mara kumi.

Akataka kujua nauli ni shilingi ngapi.