Alamu Ilikufa Pamoja na Mtandao

Wasee, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa. Kibarua changu cha kwanza kilikuwa kwa jamaa anayesambaza wifi mtaani kwetu hapa Nairobi. Nilipewa zamu ya usiku. Zamu yenyewe ni kulala na simu kando ya mto. Mfumo wa kusimamia mtandao ukiona kitu kimezima, unatuma barua pepe, simu inalia, naamka.

Usiku mmoja sikuamka.

Saa moja asubuhi dada mmoja, mteja wetu, akanipigia. Yeye hulipwa kuandika yaliyosemwa kwenye rekodi za sauti, na kazi yake ilifaa kufika kabla ya saa kumi na mbili. "Kijana, hiyo ilikuwa kodi yangu ya nyumba," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kuangalia. Waya wa faiba unaotuletea intaneti ulikatika saa nane usiku. Mfumo uliona vizuri tu. Ukaandika barua pepe, kisha ukajaribu kuituma kupitia waya ule ule uliokatika. Nilizikuta arifa zote zimepanga foleni kwenye seva. Ni kama kumtuma aliyezirai akamwite daktari.

Na si sisi wa mtaani pekee. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima dunia nzima kwa takribani masaa sita. Hata programu za ndani ambazo mainjinia wao wangetumia kurekebisha zilitegemea mtandao huo huo. Ikabidi watu watumwe hadi kwenye vituo vya data wenyewe.

Tulifanya nini? Tulichomeka modemu ya laini ya simu kwenye seva, arifa zije kwa SMS bila kupitia faiba yetu. Tukaweka betri, maana stima ikipotea hata modemu inalala. Halafu tukakodi seva ndogo nje ya mtaa: yetu inaituma salamu kila dakika 5, na salamu zikikosekana, ile ya nje inatuamsha. Hiyo ndiyo ya siku seva yenyewe imekufa. Nisipojibu kwa dakika 10, arifa inaenda kwa mdosi.

Siku ya kujaribu, tulichomoa waya makusudi. Kimya. Laini haikuwa na kredo! Tangu hapo tunachomoa kila Jumatatu. Njia ya akiba ambayo hujaijaribu ni matumaini tu.

Yule dada nilimlipa nusu kutoka mshahara wangu.

Kitu kimoja bado kinaniuma. Nilipoacha chuo, mama alijua baada ya miezi mitatu. Habari zangu zote zilipitia kwangu, na mimi ndiye nilikuwa nimezima. Siku hizi mabeste wangu wawili wana namba ya mama. Wewe je, ukizima leo, nani atampigia mzazi wako?