Viatu Mlangoni

Mwezi uliopita nilimtembelea mpwa wangu kazini kwake, ghorofa ya saba, katikati ya Dar es Salaam. Anaandika programu za simu. Nilipofika mlangoni pa chumba chao nikainama, nikavua viatu. Vijana wakatazamana. "Mjomba, vipi tena? Huku si msikitini." Wala sikujua kwamba nimevua.

Enzi zetu hakuna aliyeingia chumba cha kompyuta na viatu. Cheti changu kinasema Agosti 1992, mimi nakumbuka matope ya masika pale ngazini, yaishe. Chuo kilikuwa vyumba viwili ghorofani, Kariakoo. Kimoja kilikuwa na ubao na madawati. Cha pili kilikuwa na zulia, pazia zito, kiyoyozi na kompyuta nne zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama redio ya bibi. Chaki haikuvuka mlango ule. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya 20, kwa hiyo programu uliiandika kwanza kwenye daftari, ukaisoma mpaka ukaielewa, ndipo ukapewa nusu saa ya kuichapa. Umeme ukikatika katikati, shauri yako.

Mtu asitucheke. Mashine hiyo iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Tulikua tukiisikia kama mtu anayesikia habari za mwezini. Hata jina lililobuniwa, ngamizi, lilinuka maangamizi.

Disketi tulinunua Mtaa wa India, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza kaboni, stensili na riboni za taipureta. Duka lilinukia wino na udi. Disketi alizitunza kwenye kopo la biskuti, akiziuza mojamoja kama sigara, kwa sababu boksi la kumi nani angeliweza? Zilikuwa zile pana, za inchi tano na robo, laini, zinazopinda. Alikushikisha kwa pembe. Ukigusa kile kidirisha ambamo sahani ya ndani inaonekana, alikuchapa kidole kwa rula: "Kijana, hii si sambusa!" Kisha alikupa bure kipande cha karatasi nyeusi yenye gundi, uzibe pengo la ubavuni ukitaka kilichomo kisifutwe. Na alikuonya juu ya ukungu. Jiji letu lina unyevu. Disketi iliyosahaulika kabatini iliota vidoa kama mkate. Yeye aliweka punje za mchele ndani ya kopo, kama watu wanavyoweka kwenye chumvi.

Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya upatu wa mama. Wanawake 12, kila wiki mmoja anapokea, na kila mzunguko ugomvi wa nani aanze. Nikaiandika kwa BASIC, mistari yenye namba 10, 20, 30, ili ukisahau kitu uchomeke 15 katikati. Kompyuta ichague bila upendeleo. Printa ikakereza karatasi yenye matundu pembeni, mama akaikunja ndani ya kanga akaenda nayo. Wa kwanza: mama. Walicheka. Wiki 12 zikaisha, nikaiendesha tena. Wa kwanza: mama, na wengine wote wakafuatana vilevile.

Siku hiyo nilijifunza kwamba mashine haina bahati nasibu yoyote. Usipoiambia RANDOMIZE, kila ukiiwasha inaanza kuchanganya palepale ilipoanzia jana. Mwalimu alinieleza kwa dakika mbili. Kuwaeleza wale wanawake kulinichukua miezi, na mmoja hakuniamini mpaka anaingia kaburini.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Disketi ngumu za inchi tatu na nusu, Windows, intaneti kafe za kulipia kwa saa, mwaka 2000 ulioingia bila ndege kuanguka kama tulivyotishwa, kisha simu. Viatu sikumbuki vilirudi miguuni lini.

Mpwa wangu naye ametengeneza programu ya michango ya harusi. Megabaiti 80, na bila intaneti haijumlishi hata elfu tano na elfu kumi. Disketi yetu ilibeba kilobaiti 360. Nikapiga hesabu kwa kalamu mbele yake: zaidi ya disketi 220, kopo zima la yule mzee na makopo mengine juu yake. Nilipomuuliza mstari fulani unafanya nini, akasema hajui, aliunakili mahali, ila ukiutoa inagoma. Nilikasirika kuliko ilivyostahili.

Duka la Mtaa wa India halipo, pamesimama jengo la vioo. Ile disketi ya upatu ninayo, na kile kikaratasi cheusi bado kimeganda ubavuni. Kama kuna msomaji mwenye kompyuta inayosoma disketi za inchi tano na robo, naomba aniazime kwa siku moja. Viatu nitavua.