Lile Tusilolichagua

Mpwa wangu, kijana wa hapa Panda, alitengeneza chombo kidogo cha kupima maji katika tangi la nyumbani. Programu yake aliijenga kwa Buildroot, mfumo unaokusanya Linux kwa ajili ya vyombo vidogo. Mfumo huo una maswali kwa maelfu. Usipoyajibu, hujijibu wenyewe. Jibu hilo huitwa chaguo-msingi.

Nilimwuliza neno la siri la msimamizi mkuu. Akanyamaza, kisha akasema: «Mjomba, sikuchagua lolote.» Tukafungua orodha: msimamizi mkuu ameruhusiwa kuingia, na nafasi ya neno la siri ni tupu. Waundaji hawakukosea, anayejaribu chombo mezani huhitaji mlango wazi. Kosa ni kuupeleka mlango huo mtaani ukiwa wazi vilevile. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani, ambayo wenye vyombo hawakuyabadilisha.

Hapo nilijiona mwenyewe. Tangu nianze kufundisha nimerithi ratiba, adhabu na mpangilio wa madawati. Sikuvichagua, wala sikuvikataa, na walioketi nyuma wakabaki nyuma. Nilidhani nisiloliamua si langu.

Jioni ile kijana aliweka neno la siri. Jumatatu nami niliwaleta mbele wanafunzi wa nyuma.

Ndugu msomaji, ni lipi nyumbani mwako linaendelea kwa sababu tu hakuna aliyeligusa?