Mamadou Ndala na yaya yangu

Likizo iliyopita nilikwenda pamoja na mama Kasongo kwa mjomba. Usiku mmoja mjomba alituonyesha filimu inayoitwa This Is Congo, ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na Daniel McCabe. Tuliitazama katika telefoni, vichwa vitano juu ya kioo kidogo kama kiganja. (Prefe anisamehe, ule usiku nilipaswa kusoma kemia.)

Filimu inafuata watu wachache: mama mmoja anayechuuza mawe ya thamani, mshona nguo mkimbizi, na wakubwa wa jeshi. Mmoja wao ni Kanali Mamadou Ndala, mzaliwa wa Ibambi kule Haut-Uele. Mwaka 2013 aliongoza batayo ya 42 ya makomando kupigana na M23 karibu na Goma. Watu walimpenda mno. Mwezi wa Julai 2013, waliposikia fununu kwamba anaitwa Kinshasa, waliingia barabarani kukataa.

Kwetu sisi, tukisikia «soda», tunafikiri barieri, na mama anayeacha kikombe cha mchele ili apite. Kwa hiyo nilishangaa kuona raia wanamshangilia soda. Na filimu haimweki kwenye meza ya ofisi, inamweka kule mbele, kati ya askari wake. Hapo nasema imefanya vema. Lakini inakaa zaidi kwenye ile miaka ya vita, na mtu alikuwa na miaka 35.

Mama alikuwa kando anachagua mchele, hataki hata kutazama. Askari walipoanza kupita na silaha begani, akaweka ungo chini, akaja.

— Simamisha hapo.

— Dada, hii ni filimu ya Kanali, mjomba akasema.

— Kanali nimemwona. Hawa wa nyuma ni watoto wa nani?

Tukanyamaza wote. Yaya yangu mkubwa aliingia jeshini mwaka 2012, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mwaka 2013 alipiga telefoni mara moja, akasema yuko upande wa Goma, akaomba tusimwambie baba kwamba anaumwa mguu. Basi. Tangu hapo hakuna sauti, hakuna barua. Batayo yake hatuijui.

Mjomba akarudisha nyuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sura zinapita upesi, nyingine zimefunikwa na kofia. Mama akauliza wanakula nini kule. Hakuna aliyejibu.

Baadaye tukafika kwenye kifo. Tarehe 2 Januari 2014, karibu na Beni, gari la Kanali lilipigwa likaungua, akafa pamoja na walinzi wake. Mwaka huohuo mahakama ya jeshi ilimhukumu kifo afisa mmoja wa jeshi letu wenyewe. Mjomba alilia waziwazi, na Januari 2025 Goma ilipoanguka tena mikononi mwa M23 alikuwa amelitaja jina la Mamadou siku nzima. Mama hakulia. Aliuliza tu wale walinzi waliitwa nani.

Telefoni ikazimika. Asubuhi, kabla ya chai, mama alinipa pesa niipeleke kwa mwenye umeme wa jua.