Jirani wa Langoni, Jirani wa Birmingham

Mfunguo Sita ukikaribia, simu zetu sisi watu wa Lamu tunaoishi Uingereza huwa hazitulii. Nani atakwenda kwenye Maulidi mwaka huu, nani atatuma mchango, wageni wa Ngazija, Unguja na Mombasa watalala wapi. Naupenda msimu huu kwa moyo wote. Nao hunirudisha kila mara kwa Habib Saleh, aliyeyakuza Maulidi ya Lamu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuja.

Alitoka Ngazija katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Alikuwa sharifu, na Lamu alikuwa na jamaa. Angeweza kukaa na watu wa nasaba yake, akabusiwa mkono, akaheshimika mpaka kufa. Lakini alijenga maisha yake upande wa Langoni, mtaa wa Lamu, akawasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wanastahili darsa: watumwa, watoto wa watumwa, wahamiaji waliokuja mjini kutafuta riziki. Akawaruhusu kupiga ngoma za twari katika kumsifu Mtume. Wako waliomlaumu sana kwa hilo, wakaona dini inachezewa. Yeye akaendelea kusomesha. Msikiti wake wa Riyadha ulisimama karibu na mwaka 1900, wakati utumwa ulikuwa bado unatambuliwa kisheria katika pwani yetu. Serikali ya Kiingereza haikuufuta kisheria mpaka 1907. Yaani kabla sheria haijasema mtumwa ni sawa na bwana wake, Langoni palikuwa na mkeka ambapo mwana wa mtumwa alikaa, akafunguliwa kitabu. Wanafunzi wa Riyadha wakaenea pwani nzima.

Nikisikia watu wakizungumzia Mwislamu kuwa mfano mwema ughaibuni, namfikiria Habib Saleh kabla ya mhubiri yeyote.

Lamu, imani yako hubebwa na mji. Adhana inakuamsha, watoto wanapita na misahafu kwenda chuoni, na ukikosa jamaa ya alfajiri mzee wa barazani atakuuliza mchana kama u mgonjwa. Birmingham, adhana hutoka kwenye simu. Ramadhani ikiangukia Juni, magharibi huingia baada ya saa tatu usiku na alfajiri haikawii. Unafunga zaidi ya saa kumi na nane, ilhali kwetu mfungo hauzidi sana saa kumi na tatu, mwaka nenda mwaka rudi. Ukinywa maji kiwandani, hapana wa kukuuliza. Kwa hiyo saumu ya huku ni yako na Mola wako tu, na hiyo naihesabu kuwa neema ya ugeni.

Tatizo ni jirani. Lamu unazaliwa naye. Huku ukuta ni mwembamba kiasi cha kusikia birika lake likichemka, na bado watu huishi miaka bila kujuana majina. Wengi wetu tumejifungia kwa watu wetu: harusi zetu, hitima zetu, vikundi vyetu vya simu. Mafundisho ya Mtume juu ya haki ya jirani tunayahifadhi vizuri, kisha tunapita mlangoni pake macho chini.

Jirani yetu ni ajuza Mwingereza, mjane, mtu wa kanisa. Mke wangu alimpelekea kaimati Ramadhani moja, na tangu hapo ufunguo wetu wa akiba uko kwake na wake uko kwetu. Theluji ikianguka, mwanangu humfagilia njia. Lakini heri iliyotoka kwake kuja kwetu ni kubwa kuliko sahani yetu. Kila Alhamisi huyu mama huenda kuwatazama wazee wagonjwa wasio na mtu, na magoti yake mwenyewe hayamtii. Mwanangu alianza kwa kumshikia mkoba. Sasa huenda hata siku ambazo yeye hawezi. Kumzuru mgonjwa ni sunna niliyomfundisha kijana huyo kwa maneno tangu utotoni. Aliyemtia njiani ni jirani Mkristo, na namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ndiyo maana sipendi nasaha tunazorekodi huku na kuzituma Lamu, kuwakemea vijana kwa mavazi yao na kwa unga, yaani dawa za kulevya. Unga umetuulia watoto, hilo halina mjadala. Lakini kijana aliyezama humo hasikii sauti ya mtu aliye Birmingham. Anamsikia anayekaa naye ukutani, anayemjua kwa jina la utotoni, asiyeona haya kuonekana naye.

Mwaka huu nimependekeza kikundini kwetu sehemu ya mchango wa Maulidi iwafae maalimu wanaowapokea vijana wanaotaka kuacha unga, wale ambao mara nyingi hata nauli ya kumsindikiza mgonjwa hospitali hawana. Ami mmoja ninayemheshimu sana amepinga. Anasema fedha iliyotolewa kwa nia ya Maulidi ibaki kwenye Maulidi, na hoja yake ina uzito, kwani nia ya mtoaji ni amana. Nimemwomba basi tuwaulize watoaji wenyewe kabla hawajatoa. Amekubali, na swali litatumwa kwa kila mtu wiki hii.